UZI: Dawa zipo. Lakini nani atamkumbusha kuzimeza?

1/ Kila mjadala wa afya ukianza redioni ama kwa runinga, huwa unaishia mahali pamoja. Upande mmoja unasema wafadhili wameondoka na watu watakufa. Upande wa pili unasema dawa zipo kwa stoo, wacheni kutisha wananchi. Wote wanaongea juu ya dawa. Leo nataka tuongee juu ya mtu anayefaa kuzimeza, hasa yule anayeishi na HIV na kumbukumbu zimeanza kumpotea.

2/ Kwa wageni: hapa sitaji mwanasiasa wala chama. Naeleza hoja tu, ili ukisikia mtu akipiga domo jukwaani ujue swali la kumuuliza. Mimi si daktari. Ni mtu wa kufuatilia bajeti za afya za kaunti, na kwa mtaa wetu nimewahi kuwa msaidizi wa dawa wa jirani yangu. Uzi ni mrefu kidogo, vuta kiti.

3/ Tuanze na msingi. Kisa cha kwanza cha Ukimwi Kenya kiliripotiwa 1984. Novemba 1999 serikali ikatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Leo Wakenya takriban milioni 1.3 wanaishi na virusi, na kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori ziko juu kwenye orodha. Dawa za ARV zimebadilisha kila kitu. Wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, na ambaye virusi vyake vimeshuka hadi havionekani kwa kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

4/ Matokeo yake ni kwamba watu hawafi kama zamani. Wanalea watoto, wanastaafu, wanakuwa mashosho na maguka. Hiyo ni habari njema. Lakini kuishi muda mrefu kumetuletea kazi ambayo mijadala yetu haijaifikia: baadhi yao wanasahau, wanakuwa wazito wa kufikiri, wanashindwa kupanga mambo madogo waliyokuwa wakiyapanga bila shida.

5/ Hii inatoka wapi? Virusi huingia kwenye ubongo mapema, wiki chache tu baada ya mtu kuambukizwa. Hubebwa na chembe za kinga ya mwili zinazovuka kutoka kwa damu. Vikifika huko haviui sana chembe za ubongo moja kwa moja. Vinaleta uvimbe wa chini kwa chini ambao mwaka baada ya mwaka unaharibu mawasiliano ndani ya ubongo. Aliyechelewa kuanza dawa, kinga yake ikashuka sana, yuko kwa hatari zaidi.

6/ Zamani, kabla ya ARV, wengi waliishia kuchanganyikiwa kabisa, wasiweze kujilisha. Hali hiyo kali sasa ni nadra kwa aliye kwa matibabu. Inayobaki ni ile nyepesi, na hiyo ndiyo ngumu kuonekana. Mtu anaongea vizuri, anacheka, anakusalimia kwa jina. Lakini ukimwambia mambo matatu kwa mkupuo, anashika moja.

7/ Na si kila kusahau ni kwa sababu ya virusi, hapa tuwe makini. Huzuni ya muda mrefu inasahaulisha. Pombe inasahaulisha. Presha na kiharusi, homa ya uti wa mgongo, TB ya ubongo, kaswende ya zamani, upungufu wa vitamini B12, vyote vinaweza. Hata efavirenz, dawa ya ARV iliyotumika sana kabla ya dolutegravir, iliwasumbua wengine kwa ndoto na kizunguzungu. Mengi kati ya haya yanatibika yakijulikana mapema. Kwa hivyo “ni uzee tu” si jibu. Mtu apelekwe aangaliwe.

8/ Kwa nyumba inaonekana hivi. Jirani yangu niliyemtaja ni fundi wa cherehani. Alianza kumpima mteja mmoja mara mbili, na kila mara anaandika vipimo kwa ukurasa tofauti. Ufungo anatafuta na umo mkononi. Watu wa ploti wakasema amekuwa na madharau, kwa sababu unamtuma kitu anaitikia halafu hafanyi. Mwingine akasema amerogwa. Hakuna aliyesema huyu ni mgonjwa.

9/ Kwa kliniki nako, mahali sitataja, faili yake iliandikwa kwamba ni mkaidi, anaruka dawa makusudi. Akawa anafokewa kila akienda. Akaanza kuogopa kwenda. Nilipohesabu vidonge vyake nikakuta mikebe miwili ya miezi tofauti, yote imefunguliwa, yote nusu. Hakuwa anakataa dawa. Alikuwa hajui kama leo amemeza ama la, na kwa kuogopa kumeza mara mbili, anaacha.

10/ Mzunguko wenyewe ndio huu: anasahau dawa, virusi vinapanda, ubongo unaumia zaidi, anasahau zaidi. Halafu anaitwa mkaidi. Ukimwongezea mahubiri, hujasaidia kitu. Mzunguko huo unakatwa na mtu mwingine aliye karibu, anayejua ratiba yake na asiyemfokea.

11/ Kuna njia rahisi ya kuangalia kama mtu anahitaji uchunguzi zaidi. Mnamo 2005 watafiti walichapisha kipimo kifupi ambacho kilijaribiwa pia Kampala, kwa jirani zetu Uganda. Hakihitaji mashine. Unapewa maneno manne ya kukumbuka, unagonganisha vidole viwili haraka kwa sekunde 5, unafuata mpangilio fulani wa mkono kwa sekunde 10, kisha unaulizwa yale maneno manne. Alama ni 12. Ukipata 10 kushuka chini, unafaa kuangaliwa kwa kina. Si hukumu ya ugonjwa, kwa sababu hata uchovu unaweza kukushusha. Ni kengele tu, lakini inagharimu dakika chache.

12/ Sasa tuingie kwa siasa. Hoja ya kwanza: “Dawa zipo.” Inaweza kuwa kweli kabisa na bado isitoshe. Programu ya HIV Kenya haikujengwa kwa vidonge peke yake. Ilijengwa na watu: washauri rika ambao wenyewe wanaishi na virusi, akina mama washauri wanaoshika mkono wajawazito, wafuatiliaji wanaopiga simu usipofika kliniki, na vikundi vya mtaani ambapo mwanachama mmoja anachukulia wenzake dawa. Hao ndio kumbukumbu ya aliyepoteza kumbukumbu.

13/ Shida ni nani alikuwa akiwalipa. Wengi wao hawakuwa kwa orodha ya mishahara ya kaunti. Walilipwa kupitia miradi ya wafadhili, mkubwa wao ukiwa PEPFAR, mpango wa Marekani ulioanza 2003. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, dawa zilikuwa bado ziko kwa rafu sehemu nyingi, lakini watu waliambiwa waende nyumbani. Kwa anayekumbuka tarehe zake vizuri, ilikuwa usumbufu. Kwa fundi wetu wa cherehani, simu iliyokuwa ikimkumbusha ilinyamaza.

14/ Kwa hivyo kiongozi akisema “dawa tunazo za kutosha miezi kadhaa”, mshukuru, halafu uliza: na wafuatiliaji wangapi? Wanalipwa na nani kuanzia Julai, mwaka mpya wa bajeti ukianza? Dawa ina mstari wake kwenye bajeti. Mtu wa kufuatilia mgonjwa mara nyingi hana.

15/ Hoja ya pili: kuunganisha kliniki. Mwaka 2025 wizara ilitaka huduma za HIV zisikae tena kwa jengo lao la CCC, ziingie kwa huduma za kawaida za wagonjwa wa nje na magonjwa ya kudumu. Kuna hoja nzuri hapo. Mwenye presha na HIV anahudumiwa siku moja. Ule unyanyapaa wa kuonekana ukiingia “jengo lile” unapungua. Na gharama ya kuendesha majengo mawili inaisha.

16/ Lakini muangalie mwenye kusahau. CCC aliijua: mlango ule ule, muuguzi yule yule, kiti kile kile. Sasa anaambiwa aanzie dirisha la usajili, aende chumba 4, kisha maabara, kisha chumba 9, kisha famasia. Njiani anapotea, anaona aibu kuuliza, anaenda nyumbani bila dawa. Mimi sipingi kuunganisha. Nasema kuunganisha bila mtu wa kumtembeza ni kumfungia nje kwa adabu. Uliza kaunti yako: kuna anayewapokea hawa mlangoni?

17/ Hoja ya tatu: SHA. Tangu Oktoba 2024 ndiyo imechukua nafasi ya NHIF. ARV zenyewe hutolewa bure kwa vituo vya umma, hiyo haijabadilika. Lakini mtu huyu anahitaji mengine: vipimo, dawa ya presha, ushauri wa akili, labda picha ya ubongo. Huduma za zahanati na kituo cha afya zinalipiwa na mfuko wa huduma za msingi, bora uwe umesajiliwa. Ukipanda hospitali kubwa, unahitaji kuwa umelipa mchango, asilimia 2.75 ya mapato, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

18/ Usajili unataka kitambulisho, simu, na namba ya siri inayotumwa kwa simu. Sasa fikiria mtu ambaye amebadilisha laini mara tatu kwa sababu anapoteza simu. Mfumo unamwona kama hayupo. Hapa ndipo anahitajika wa kumsindikiza, wa kuandika namba mahali pamoja, wa kufuatilia malipo yasikatike. Mjadala ukibaki “SHA inafanya kazi” dhidi ya “SHA haifanyi kazi”, watu wa aina hii hawatajwi na upande wowote.

19/ Hoja ya nne: wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP wenye jaketi na begi. Septemba 2023 zaidi ya 100,000 walizinduliwa kitaifa, na sheria ya huduma za msingi za afya ya mwaka huo ikawatambua. Marupurupu yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Kila mmoja anatarajiwa kuangalia karibu nyumba 100. Anapima presha, anapima sukari, anaandikisha wajawazito, anajaza simu ya kazi.

20/ Watu husema, “Si hao wachukue kazi ya washauri rika?” Wanaweza kuchukua sehemu, na wengi wana moyo. Ila kuna mambo mawili. Moja, hawajafundishwa wote kutambua tatizo la kumbukumbu wala kutumia kipimo nilichotaja. Mbili, CHP ni jirani. Wengine hawataki jirani ajue hali yao. Mshauri rika alikubalika kwa sababu aliweza kusema, “Hata mimi nameza.” Na marupurupu yakichelewa miezi, usishangae akipunguza ziara. Naye ana watoto wa kulisha.

21/ Hoja ya tano: ni kazi ya nani? Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti vituo vya afya na famasia zake. Serikali kuu inabaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Ukiuliza gavana wa mahali popote, atakwambia HIV ni mradi wa kitaifa. Ukiuliza wizara, watakwambia wafanyakazi ni wa kaunti. Mpira unapigwa huku na huku na mgonjwa ndiye uwanja. Jibu fupi: kumtembelea mtu nyumbani kwake ni huduma ya kaunti. Anza hapo kuuliza.

22/ Hoja ya sita: orodha. Kila baada ya muda huja pendekezo kwamba “tuwaandikishe wote wenye shida hii tujue pa kuwasaidia.” Nia inaweza kuwa njema, lakini tulishapita huko. Mwaka 2015 lilitolewa agizo la kukusanya taarifa za watoto wa shule, wajawazito na akina mama wanaonyonyesha walio na HIV. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile linavunja haki ya faragha. Sheria ya HIV ya 2006 nayo inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, na kuna Baraza maalum la HIV na Ukimwi la kusikiliza malalamiko.

23/ Hapa pana ugumu wa kweli, na sioni vizuri kuuficha. Mwenye kusahau anahitaji mtu mwingine ajue siri yake ili amsaidie. Suluhu si orodha ya chifu. Suluhu ni yeye mwenyewe kuchagua msaidizi mapema, akili ikiwa bado timamu, na idhini hiyo iandikwe kwa faili. Mmoja ama wawili wanatosha. Kliniki inafaa kuuliza swali hilo siku ya kwanza, isingoje mtu aanze kupotea njia.

24/ Hoja ya saba: ulemavu. Kifungu cha 260 cha Katiba kinaposema ulemavu, kinajumuisha ulemavu wa akili na hali au ugonjwa unaomzuia mtu kwa muda mrefu kufanya shughuli za kila siku. Kwa hivyo shida kubwa ya kumbukumbu inaweza kuhesabika, baada ya tathmini ya hospitali. Na 2025 tumepata sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Sijaona mgombea akieleza hili jukwaani. Kwa macho ya wengi, mlemavu ni mwenye kiti cha magurudumu, na ambaye shida yake haionekani anaambiwa anajifanya.

25/ Tusisahau vijana. Kuna waliozaliwa na virusi na sasa wako sekondari ama vyuoni. Baadhi yao wanapata shida ya kushika masomo. Kenya ina vikundi vya vijana vinavyofuata lengo la sifuri tatu: kutokosa kliniki, kutokosa dawa, kutoonekana virusi. Ni mpango mzuri na umesaidia wengi. Lakini kijana anayekosa kwa sababu ubongo wake unachoka asione kama ameangusha timu. Mwalimu wa kikundi ajue tofauti ya uvivu na ugonjwa.

26/ Hoja ya mwisho, ile ya kusema “familia zao ziwasaidie.” Sawa, familia inasaidia. Lakini kwa nyumba nyingi neno “familia” maana yake ni binti mmoja ama mke ama shosho, ambaye anaacha biashara yake ya mboga kumpeleka mgonjwa kliniki. Hakuna anayemlipa nauli. Hakuna anayemfundisha. Serikali ikiondoa mshauri rika, kazi haijaisha. Imehamishiwa kwa huyo mama bila kuulizwa.

27/ Msaada wenyewe si wa gharama ya ajabu. Kwa fundi wetu tulifanya hivi: kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku 7, kinajazwa Jumapili na mtu mmoja. Dawa inamezwa habari za saa moja zikianza, kwa sababu redio haikosi kuwashwa. Kadi ya kliniki inakaa kwa kopo moja, halihamishwi. Maagizo yanaandikwa kwa kalamu nene, jambo moja kwa karatasi moja. Mtu wa kumsindikiza siku ya kliniki. Anashona bado, ila vipimo sasa vinaandikwa na msaidizi wake.

28/ Ukiwa na mtu kama huyu kwenu:
• Usimwambie “si nilikwambia jana?” Mwambie tena, kwa upole.
• Mpeleke aangaliwe sababu zingine, hasa akibadilika ghafla, akiumwa kichwa sana, akipata homa ama degedege. Hiyo ni ya haraka, usingoje tarehe ya kliniki.
• Uliza kliniki wapime wingi wa virusi.
• Akipewa dawa za miezi 3 ama 6, usimwachie mikebe yote.
• Siri yake ibaki siri.

29/ Na ukiwa mpiga kura, hizi tarehe ziandike. Kaunti huwasilisha mpango wa mwaka bungeni kufikia 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya kupitishwa, lazima umma ushirikishwe. Vikao hivi mara nyingi huwa viti vitupu na watu watatu waliokuja soda. Nenda. Ukikosa nafasi, andika barua kwa karani wa bunge la kaunti, ama mshike MCA wako mkononi.

30/ Maswali matano ya kubeba:
• Washauri rika na wafuatiliaji wangapi wako kwa bajeti ya kaunti, kwa mstari wao wenyewe?
• Marupurupu ya CHP yamelipwa hadi mwezi gani?
• CHP na wauguzi wangapi wamefundishwa kutambua shida ya kumbukumbu?
• Kliniki zikiunganishwa, nani anampokea na kumtembeza asiyeweza kujipanga?
• Idhini na siri vinalindwaje kwenye mfumo mpya wa kidijitali?

31/ Ukijibiwa “dawa zipo”, rudia swali. Hilo si jibu la ulichouliza. Dawa ikikaa kwa mkebe haijamtibu mtu, na kuna Mkenya jioni hii amekaa na mkebe mkononi akijiuliza kama ameshameza. Anayejua jibu ni yule aliyekaa naye, na huyo ndiye tunataka aingie kwa bajeti.

Mwisho wa uzi. Kama kwa kaunti yenu kuna mpango unaofanya kazi, tuambie hapa chini unaendeshwaje, wengine waige. Na tafadhali, usitaje jina la mgonjwa yeyote.